Makondere ya Tata kwenye Tromboni

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, siku Mzee Sefu aliponinyang'anya tromboni mdomoni. Ilikuwa mjini, mtaa wa Hamugembe, kwenye migomba ya nyuma ya nyumba yake, miaka ya mwanzo ya Uhuru, tulipokuwa tukipuliza na kupiga ngoma kwa sababu yoyote ile. Nilikuwa nikipiga wimbo wa gwaride, mashavu yamevimba, mishipa ya shingo imenitoka, nikiamini majirani wote wananisifu moyoni.

"Huo unaujua tangu mwezi jana," akaniambia. "Kila ukija unapiga unachokijua. Hayo si mazoezi, kijana, ni kujisifu."

Mzee Sefu alikuwa Mwislamu wa mjini, na aliwahi kupuliza ala hizi kwenye bendi ya jeshi la mkoloni. Alinirudisha kwenye sauti moja. Moja tu, ndefu, polepole, mpaka inyooke. Nikimaliza, nipumzishe midomo kwa muda uleule niliopuliza, maana midomo ni nyama, ukiilazimisha inakufa ganzi. Kisha niimbe sauti inayofuata kabla ya kuipuliza, kwa sababu tromboni haina vitufe. Ina bomba la kuvuta na kusukuma, na hakuna alama ya kukuonyesha pa kusimama. Sikio ndilo linaloongoza mkono. Nilichukia mazoezi hayo kupita kiasi. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na baadaye sauti yangu ikaacha kutetemeka.

Sasa nikuambie kwa nini nilitumwa kwake. Tata, yaani baba yangu, alikuwa mpiga makondere wa Mukama, chifu wetu, huko Muleba. Makondere ni baragumu za vibuyu. Kila moja ina sauti yake moja, na kila mpigaji ana yake. Huyu akipuliza, yule anapokea, wa tatu anaingia katikati, na wimbo unazaliwa baina yao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tawala za machifu zilipofutwa tulishangilia, nami nilishangilia, sikatai. Makondere yakatundikwa juu ya moshi wa jikoni, na wapigaji wakarudi kwenye vibanja vyao, mashamba ya nyumbani, kupalilia kahawa.

Tata aliposikia tromboni ya bendi ya parokia, alimsogelea mpigaji akatazama bomba linavyokwenda. Alisema ala nyingine za Wazungu zinaruka kutoka sauti hii hadi ile, lakini hii inaweza kusimama popote, hata pale makondere yalipokuwa yakisimama. Akataka nijifunze, ili wimbo wote wa Mukama ukae mdomoni mwa mtu mmoja kabla wapigaji wenyewe hawajaisha. Hilo ndilo alilotaka duniani, mwanangu. Hakuniomba lingine.

Nilirudi Muleba midomo ikiwa tayari, wakati watu wameanza kuhamia vijiji vya ujamaa. Tata alitafuna kahawa yake, akatema maganda, akapuliza baragumu. Nikaipata sauti ile kwenye tromboni papo hapo, naye akacheka kwa furaha.

"Sasa ya jirani yako, Tata," nikasema.

Akainua baragumu, akaishusha.

"Ya Byabato? Mwana wange, ya Byabato sikuwahi kuishika. Nilimsikiliza ili nijue zamu yangu tu. Kuiga sauti ya mwenzio ilikuwa kama kukalia kiti chake."

Alijaribu kuiimba. Akaanza, akapotea, akaanza tena. Sijapata kumwona mzee ametahayari vile mbele ya mtoto wake, na nilitamani ardhi inimeze nisiwe ninamtazama.

Tukafunga safari. Byabato tulimfuata hadi kisiwani Bumbire, tukaonyeshwa kaburi lake. Wengine hakuna aliyejua walikohamia. Tulimpata mmoja tu, Mutalemwa, katika kijiji kipya huko Ngenge, macho yake yamekwisha. Sauti yake aliikumbuka vizuri kabisa, na zamu zake zote. Yake tu.

Walipiga pamoja wazee wale. Tata anapuliza, Mutalemwa anasubiri, anasubiri, kisha anaingia. Kati ya sauti zao hapakuwa na kitu. Lakini walitikisa vichwa kwa mwendo mmoja, wakitabasamu, wakiwasikia wenzao wasiokuwapo. Mimi niliyekuja kuurithi wimbo ndiye pekee niliyesikia kimya. Nilitoka nje nikalia.

Tata alifariki kabla kahawa haijaiva. Mazishini nilipiga nilichokuwa nacho: sauti mbili, na kati yake kimya cha urefu uleule waliouacha wazee. Watu wakaanza kutazamana. Shangazi akanishika mkono.

"Pole, waitu, mwana wetu. Umesahau kwa majonzi. Piga basi wimbo mwingine."

Nikapiga wa kanisani, na kibanja kizima kikaitikia. Niliona aibu kwa jinsi ulivyopendeza.

Mwanangu, nimepuliza miaka mingi baada ya hapo, na sitakudanganya kwamba jeraha lile limepona. Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka pamoja nami. Ukishika ala, anza kila siku na usichokiweza, unachokiweza hakitakukimbia. Puliza taratibu, pumzika kabla midomo haijauma, imba kwanza ndipo uvute bomba. Hayo yatakufanya mpigaji. Lakini zamu yako ikipita usikae bure ukihesabu itakaporudi. Msikilize aliyeketi kando yako mpaka uweze kupiga yake. Mwombe akufundishe, na akiona unamvunjia heshima, mwombe tena kesho. Anza na mzee kuliko wote. Siwezi kukuahidi kwamba utawahi, maana nami nilidhani nina muda.

Mungu akupe pumzi ndefu na midomo mizima. Na siku utakapopuliza sauti yako hadi mwisho, akujalie mtu aliye hai wa kuipokea.