Mchezo wa Habiba Niliourusha Hadi Elwak

Nilirudi Garissa na diploma ya mawasiliano niliyojilipia mwenyewe. Kwa hiyo Habiba aliponiomba nirushe mchezo wake mubashara, ili mama yake aliye Elwak amwone jukwaani na aache kumkataza kuigiza, nilimwambia atulie, yuko na mtaalamu.

Niligeuza kamera ya simu inielekee, nikaweka kofia yangu sawa, nikabonyeza kurusha. Sauti ya Habiba ikanichukua kama usingizi. Akilini nikauona ukumbi ukitanda jangwani hadi Elwak mpakani, viti vikijaa mchangani.

Mchezo ulipoisha, mama alipiga simu. Habiba akaweka spika, waigizaji wote wakasogea.

“Hooyo, umeniona?”

“Wewe sijakuona. Nimemwona kijana wa kofia tu, analia na kujifuta kamasi. Huyo ndiye anataka kukuoa?”