Nilivyozitia Hina Njugu Mawe

Jamani, mimi ni mtu mwenye wivu, na nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana hapa kijijini kwetu, kisiwani Pate, hakuna asiyejua nilichofanya, hata nikienda kisimani wapo wanaoniangalia vidole kwanza ndipo wanijibu salamu.

Wivu wangu una jina, na jina lenyewe ni Rukia. Ni wifi yangu, dada wa mume wangu, tumepakana mashamba, na tangu niolewe huyu mtu hajawahi kunikosea (hilo ndilo linaloniudhi zaidi). Sasa mwaka huu akaja binti mmoja mtafiti kutoka bara, mpole, na daftari lake kubwa, akasema anatafuta njugu mawe za kila aina, kwa sababu zimesahauliwa na watu wamehamia maharagwe ya dukani, na wataalamu wakizipata zenye tabia mbalimbali, zinazovumilia jua, zinazozaa sana, zinazokomaa mapema, wataweza kuchavusha hii kwa hii wapate mbegu bora. Akaanzia kwa Rukia, akaonyeshwa aina tano: nyekundu, nyeusi, za kahawia, za madoadoa, na zenye jicho. Akampiga picha, akamsifu mbele ya watu, na mimi nimesimama pale na leso yangu mpya hakuna aliyeniona. Kisha akatangaza kwamba keshokutwa wote tulete mbegu zetu kwenye ukumbi wa madrasa, na kila atakayetoa aina, jina lake litaandikwa daftarini kando ya mbegu yake.

Basi nikarudi nyumbani nikachungulia mtungi wangu. Aina mbili tu. Nyeusi, ambazo Rukia anazo, na nyeupe pe za marehemu bibi yangu, ambazo niliziona za kawaida mno, hata kuzipeleka ni aibu. Mkiniuliza nilikuwa nafikiri nini, nilikuwa nafikiri sahani tano za Rukia. Kazi yangu ni kupaka maharusi hina, kwa hivyo rangi ninazo. Nikazigawa zile nyeupe zote, sikubakisha hata moja ili sahani zijae, nikatia sufuria moja hina, moja manjano, moja piko (ile nyeusi ya maua ya mikononi), nikaziweka jikoni zichemke kidogo rangi ishike. Nilijiambia njugu mawe ni ngumu, mtu huzipika tangu asubuhi, zitadhurika nini kwa dakika chache? Nikazianika, zikakauka juujuu, na wallahi zilipendeza.

Siku yenyewe nikapanga sahani nne mbele ya watu, nikamtupia Rukia jicho. Binti akauliza, nami nikajibu: hizi za chungwa zinakomaa mapema, hizi za manjano hazijali jua, na hizi za kijivujivu babu yangu alikuja nazo kutoka safarini (babu yangu hajavuka hata kwenda Lamu). Anaandika yote, na mimi naona jina langu mstari baada ya mstari, moyo ukatulia kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kisha akatoa pamba, akailowesha, akasema anazipangusa vumbi kabla ya kuzipiga picha.

Pamba ikatoka na rangi ya chungwa. Akachukua nyingine, ikatoka manjano. Watu wote wameinama kutazama, na mimi nimeficha mikono ndani ya buibui, maana vidole vyangu vilikuwa na rangi zote tatu. Akaibonyeza mbegu moja kwa ukucha, ikabonyea kama kiazi.

"Mama," akasema polepole, "hizi zimeiva."

Aliyeweza kucheka alicheka, na aliyejizuia alishindwa. Binti peke yake hakucheka. Akaniuliza zilikuwa rangi gani kabla, nikamwambia nyeupe. Akauliza nilizichemsha muda gani, nikamwambia haikufika hata robo saa. Akafunika kalamu yake. Akasema amezunguka kisiwa kizima akitafuta aina inayoiva upesi, kwani watu wanazikimbia njugu mawe kwa sababu zinamaliza kuni, na akataka kujua nimebakiza ngapi.

Nikamwambia zote ndizo hizo za sahanini. Hapo hata aibu iliniondoka, ukaniingia uchungu, maana mbegu aliyoipanda bibi yangu kila masika mpaka anakufa, mimi nimeimaliza kwa ajili ya kujaza sahani.

Ndipo Rukia akainuka, akaenda kwake, akarudi na kopo la maziwa. Ndani nyeupe tupu. Akanikumbusha kwamba bibi yangu alimpa kibaba siku ya harusi yangu, na kila mwaka yeye hupanda mstari mmoja. Hakuzileta mapema kwa sababu alijua zitaletwa na mimi, mwenyewe.

Binti akafunua kalamu, akamuuliza aandike jina la nani.

"Andika Bi Mwanaesha, bibi wa wifi yangu," akasema Rukia. "Mbeu ni zake." Kisha akanigeukia, akaniita kwake siku ileile. "Na weye wifi, ndoo nyumbani yeo, utwae za kupanda."

Nikaenda. Nikazipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, na nawaambia kweli, hata pale mlangoni nilimwonea wivu, safari hii kwa ule moyo wake. Nimeapa sitatia tena rangi kitu nilichoachiwa na marehemu. Kumwonea wivu Rukia sijaapa kuacha, kwa maana najijua.