Reli Juu ya Kifuniko cha Sanduku

Jirani akikaanga karanga, mimi kazi inanishinda papo hapo. Harufu ile inanirudisha kwenye kituo cha treni cha Likasi, kusini mwa Kongo, wakati ule sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai tulipofukuzwa kwenye nyumba zetu, tukawa tunalala kando ya reli, tukisubiri treni ya kwenda Kasai, kwa mababu ambao mimi sikuwahi hata kuwaona.

Mdogo wangu Kazadi aligoma kula. Tangu tulipoiacha nyumba, Mama akimpa bukari, ugali wetu wa huko, anageuza uso. Miguu yake ilikonda, na Mama akaacha kuimba. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Papa alikuwa mpanga mabehewa kiwandani, kabla kazi haijafa. Asubuhi moja alichukua waya za shaba akazipigilia kwa misumari midogo juu ya kifuniko cha sanduku letu la mbao. Nafasi yenyewe, jamani, kama sinia ya chai! Mimi nilitaka reli ya kuzunguka. Papa akacheka.

"Ya kuzunguka? Utachoka nayo leo leo. Treni lazima ipate shida kidogo, njo mutu ataipenda."

Basi akatandika reli moja ndefu, na nyingine fupi ya pembeni, inayotosha behewa moja tu. Kichwa cha treni kilikuwa mkebe wa sadini. Mabehewa, viberiti vitupu. Kila mmoja wetu alikuwa na lake, limejaa karanga. Papa aliyachanganya, nasi kwa zamu tuliyasukuma, hili mbele, lile kando, kila mtu akipigania la kwake lifike mwisho wa reli. Likifika, mwenyewe anakula. Likikwama, mzigo wake wanagawana wengine.

Kazadi alisukuma lake ulimi nje. Likafika. Akala! Mama aligeukia upande wa reli kubwa, akajifuta macho kwa kitenge.

Tangu hapo tulicheza kila siku, na kila siku behewa la Papa lilikwama. Kazadi alicheka mpaka akaanguka chini.

"Papa, weye haujue kazi!"

"Minye nimezeeka, mwana. Kula tu ya kwangu."

Treni ilipokuja hatimaye, Kazadi alipanda kwa miguu yake mwenyewe, na waya zikasafiri nasi, zimepigiliwa vilevile kwenye kifuniko cha sanduku, chini ya mizigo.

Mwaka jana nilimtengenezea binti yangu reli kama ile, na viberiti vyake. Akasukuma kidogo, akarudisha kidogo, na mabehewa yote yakafika, hata lile nililomwambia ni la babu yake.

"Mama, mbona ni rahisi?"

 Papa wangu alipanga treni nzima za madini, mvua ikinyesha, bila kukosea. Pale kituoni alishindwa na viberiti kila siku, sisi tukila chakula chake huku tunamcheka, naye anacheka kutuzidi.