Mto Chini ya Goti

Imesemwa kijijini kwetu Endagikot kwamba nyumba ya Akonaay ilimfungia mama yao ndani kama ndama mgonjwa. Nimefundisha miaka thelathini na moja, najua habari inavyoharibika ikipita midomo kumi, kwa hiyo nitaieleza mwenyewe. Mama hakufungiwa. Alitunzwa. Kosa letu lilikuwa humo humo katika kumtunza.

Mama mkwe wangu ni Paskalina, mjane wa mzee Akonaay na mama wa marehemu mume wangu, Bonaventura. Nilipoletwa kwake kama mke wa mwanawe nilikuwa na cheti cha ualimu na viatu vya kisigino. Aliniangalia miguu, akauliza, "Hivi vitakufikisha zizini?" Yeye mwenyewe hakujua kukaa. Alisali rozari huku akipukuchua mahindi. Mgeni alipokaribishwa chai, mama aliinuka mara tano kabla kikombe hakijapoa: kuku wako kwenye maharage, mvua inakuja, kuna mtu anapita njiani na hajasalimiwa. Akiwa na miaka sabini na sita bado alishuka bondeni kukata majani ya ndama na kuyapandisha mgongoni.

Mwezi wa tatu mwaka jana aliteleza kwenye matope na mzigo wake. Goti la kulia likavimba kama kibuyu. Tulipiga picha mjini Mbulu, mfupa ulikuwa mzima. Daktari alisema apumzike siku chache, na uvimbe ukipungua aanze kutembea kidogo kidogo. Maneno hayo nilikuja kuyakumbuka yote baadaye. Siku ile nilirudi nyumbani na nusu ya kwanza tu.

Huku kwetu nyumba hupimwa kwa mzee wake. Akionekana na kuni kichwani, wakwe zake ndio wanaosemwa. Mimi ni mke wa kifungua mimba, na mume wangu hayupo kujitetea. Nikaagiza fundi atengeneze kiti kipana cha mninga chenye pa kuwekea mikono. Nikashona mto, foronya yake nikaidarizi maua, nikauweka chini ya goti la mama lipate kukaa limekunjwa bila kuuma. Nikaweka ndoo nyuma ya pazia ili asihangaike kwenda nje, na Monica, mke wa shemeji yangu Ezekieli, akawa anaitoa. Wageni walikuja, wakatazama kiti, wakatazama mto, wakasema, "Hii ndiyo nyumba inayojua thamani ya mama." Nilifurahi. Sioni sababu ya kuficha hilo.

Mama hakufurahi. Miguu ilitulia, mikono ikakataa. Alifumua upindo wa blanketi, uzi kwa uzi. Aliomba maharage ya kuchambua, akayachambua, kisha akayarudishia mawe yake ili ayachambue upya.

"Mwalimu," aliniita hivyo siku zote, "ndama amekula?"

"Amekula, mama."

"Nani amemlisha?"

"Monica."

"Monica humpa majani yenye umande. Ngoja nikaone."

"Mama, kaa."

Alikaa. Baada ya dakika mbili akauliza juu ya kuku.

Mwezi wa tano Monica alinifuata jikoni. "Dada, goti la mama halinyooki. Nikimwogesha linabaki vile vile lilivyokunjwa."

"Ni uzee huo."

"Wiki iliyopita lilinyooka zaidi ya leo."

"Monica, udaktari umesomea wapi?"

Akarudi kwenye vyombo vyake. Mama alikuwa akimeza dawa za maumivu za dukani, halalamiki tena, nami nikaona anapona. Sasa najua kwamba goti halikuuma kwa sababu halikutumika. Monica aliona kweli, na nimemwambia hivyo mbele ya mume wake.

Mwezi wa sita, asubuhi ya baridi na ukungu, nilikuwa kanisani na Monica alikuwa mtoni. Jirani yetu Justina alikuja kuazima ungo, akamkuta mama chini, katikati ya nyumba na choo, anatambaa kwa viwiko. Kanga imejaa matope. Justina alimwinua, akamwosha, akampeleka ndani, akafanya kila jambo la ujirani mwema. Kisha akaenda kuwasimulia wengine.

Wiki ile sikuweza kukaa chini, hata mimi. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kila nilipopita barazani mama alinitazama kutoka kwenye kile kiti, mguu umekunjwa juu ya maua yangu. Nilimwuliza kwa nini hakutumia ndoo.

"Mimi siyo mtoto," akasema. Halafu akasema jambo lililonikosesha usingizi: "Mguu huu ukikauka hivi, mtanizika nao umekunjwa. Watalazimika kutengeneza jeneza pana."

Monica alikuwa na ndugu aliyewahi kuvunjika mguu, akapelekwa hospitali ya Haydom kwa watu wa mazoezi ya viungo. Mimi nilidhani mazoezi yale ni ya waliopata ajali ya pikipiki au waliopooza. Hata hivyo nikakubali. Nilichagua Haydom, na siyo hospitali ya karibu, kwa sababu mjini Mbulu kila mtu ananifahamu. Basi la alfajiri lilikuwa limejaa wagonjwa, na nusu yao niliwafundisha.

"Shikamoo mwalimu! Bibi amepatwa na nini?"

Tuliulizwa hivyo mpaka Dongobesh, katikati ya njia, na mama alimjibu kila mmoja kwa urefu.

Mtaalamu aliitwa Patriki, kijana mwenye Kiswahili cha mjini. Alimwamkia mama, akamketisha kitandani, akapiga magoti akashika goti lake, akaniuliza, "Kabla ya kuanguka, bibi alikuwa anafanya kazi gani?"

"Kila kitu."

"Na sasa?"

"Hafanyi chochote," nikasema kwa fahari. "Tunamfanyia sisi."

Mama akaguna. "Umesikia, mjukuu wangu? Mimi ni sanduku. Wananifuta vumbi."

Patriki hakucheka. Alimwuliza, "Bibi, unataka mguu huu ukusaidie kufanya nini?"

Mama alijibu kwa lugha yetu ya Kiiraqw, waziwazi, kama mtu anayeagiza chumvi. Nilisikia uso unawaka. Nikatafsiri: "Anasema angependa kutembea hadi kanisani."

Patriki alinitazama, kisha akamtazama mama. "Mwalimu, na mimi ni mtoto wa Dongobesh, Kiiraqw ni lugha yangu. Bibi amesema anataka kwenda chooni peke yake."

Mama alicheka mpaka akashika kitanda. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu mwezi wa tatu.

Patriki akauchukua mto. "Umeshonwa vizuri sana huu. Uwekeni kichwani. Ukiwa chini ya goti, umelifundisha kukunjika." Akavingirisha kanga akaiweka chini ya kisigino, goti likabaki hewani. "Sukuma chini, bibi. Hesabu kumi." Jasho lilimtoka mama, lakini alihesabu, na alipofika kumi akaendelea mpaka kumi na tano.

Nikauliza kama tumechelewa.

"Mmechelewa. Kama litanyooka lote, siwezi kuahidi," akasema. "Watu husubiri maumivu yazidi ndipo waje. Angalieni kazi ya mtu, siyo maumivu peke yake. Akiacha jambo alilokuwa akilifanya, wiki mbili tatu zikapita hajalirudia, au kiungo kinazidi kukaza, mleteni. Msingoje atambae."

Hakujua habari ya kutambaa. Niliinama nikafunga mkoba wangu.

Tulirudi Haydom kila baada ya wiki mbili. Nyumbani ilikuwa kanga chini ya kisigino mara nne kwa siku, kuinuka kitini na kukaa, kusimama ameshika mwimo wa mlango. Mama alinituma nimhesabie, na nilipohesabu polepole alinikaripia. Siku nyingine goti lilivimba tukasitisha, nami nikazunguka uwanja nikijiuliza kama tunamharibu zaidi. Mwezi wa nane lilikuwa limenyooka karibu lote. Kuchuchumaa, Patriki alisema, huenda kusirudi. Atahitaji kiti cha chooni, na nguzo ya kushikia.

"Kiti si kipo?" akasema mama.

"Kipi?"

"Kile chako cha mninga. Kitoboe."

"Mama! Kile ni cha wageni!"

"Wageni wana magoti yao."

Ezekieli alikitoboa Jumamosi ile, nami sikutoka nje kutazama.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa niliingia chumbani kwake nikakuta kitanda kitupu na fimbo haipo. Nikatoka mbio. Kwenye umande kulikuwa na alama, mguu na mguu na tundu la fimbo, zikienda moja kwa moja mpaka chooni. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Mama?"

"Niko."

"Nije?"

"Uje ufanye nini?"

Nikasimama pale kwenye baridi, bila kazi, mikono haijui pa kukaa. Justina akapita na ndoo ya maji.

"Mwalimu, mbona umesimama hapo kama askari?"

Wakati mwingine ningesema natafuta kuku.

"Namsubiri mama," nikasema kwa sauti ya darasani. "Yuko chooni. Amekwenda mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Kwa miguu yake."

Kutoka ndani mama akapaza sauti: "Mwalimu! Acha kunitangaza! Na wewe Justina, nenda zako, maji yanamwagika!"

Justina akaenda, ndoo kichwani, anaharakisha. Nilijua anaipeleka habari hiyo nyumba kwa nyumba, na safari hii nilimwacha aipeleke.