Raga ya Anko

Ko, ko, ko. Njumu za Anko zikishuka ngazi za saruji za ghorofa letu pale Rinkeby, huku Uswidi, Jumamosi asubuhi, mimi na mama tukikunja mashuka kwenye chumba cha kufulia. Juzi nimepita pale, na ile sauti nikaisikia kichwani kama vile miaka ya themanini haijaisha.

Anko alikuwa jirani yetu wa juu, Mganda aliyekimbia kwao. Hapa alifagia vituo vya treni. Kule alikuwa winga wa timu ya taifa ya raga, katika Waafrika wa kwanza kuitwa kwenye timu iliyokuwa ya Wazungu. Jezi aliiacha hukohuko. Hizi njumu alizinunua hapa, eti kwa sababu ya barafu. "Mechi yangu ya mwisho sikujua ni ya mwisho," alikuwa akisema, huku akichovya chapati ya mama kwenye chai.

Siku moja mwalimu akauliza nani anamjua mtu aliyechezea nchi yake. Nikasimama na Kiswidi changu, lakini jina la mchezo nikalitoa kwa Kiswahili cha nyumbani: jirani yetu alicheza raga. Sasa ndugu yangu, kwa Kiswidi "ragga" ni kutongoza wasichana. Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu akasema, basi aje atueleze mwenyewe. Nikarudi nalia, maana Anko hakuwa na kitu kingine cha kujivunia, na sasa hicho nacho kimekuwa kichekesho.

Nilipomwambia, alisukuma kikombe cha chai pembeni.

"Si lazima uende, shemeji," mama akasema.

"Naenda. Kama ni kucheka, wacheke nikiwepo."

Akaja amevaa njumu. "Ni kweli nili-ragga," akawaambia kwa Kiswidi chake cha kuungaunga, "ila nilichokimbiza ni mpira. Wasichana walikuwa wananishinda mbio."

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Akatutoa nje kwenye theluji ya uwanja wa shule, akaifanya kofia yake ya sufu kuwa mpira.

"Unakimbia mbele, unatoa nyuma. Nyuma, binti, nyuma. Wenzako wako huko."

Kisha akakimbia mwenyewe, goti bovu na yote, na hakuna aliyemkamata.

Anko alirudi kwao, akazikwa huko. Uwanja wetu siku hizi unaegeshwa magari. Hiyo juzi hapakuwa na mtu. Nikavua kofia, nikakimbia kidogo, nikaitupa nyuma bila kutazama. Halafu nikarudi kuiokota.