Kona ya Mabati Uani kwa Mama

Kazi yangu hapa Iringa ni kusoma picha za rada. Setilaiti hupita juu, hutuma mawimbi yake chini na kusikiliza yanavyorudi. Haihitaji jua wala haisumbuliwi na mawingu, na kwetu Mbeya masika mawingu hushuka mpaka kwenye viazi. Ukilinganisha picha ya leo na ya wiki chache zilizopita, unaiona ardhi iliyosogea hata kwa upana wa kidole.

Kwa mama, mteremkoni juu ya Mbeya, ardhi ilianza kupasuka. Swali likawa moja: abaki au ahame? Nikafunga uani kwake kona ya mabati matatu iliyotazama angani, ili mawimbi yarudi kwa nguvu. Kwenye picha ilionekana kama nukta nyeupe. Nikamweleza kwa majivuno kwamba nukta ikitulia, na nyumba imetulia.

"Na ikisogea?"

"Utahama, mama."

Akasema haya, akaniongezea chai.

Masika yote nukta haikutikisika. Kila picha ilipoingia nilimpigia simu kumtoa wasiwasi. Wenzangu ofisini walitia shaka, maana mashamba ya jirani yalikuwa yanateremka. Mimi mbishi, niliwaambia mama kajenga juu ya mwamba.

Mvua zilipokatika nikaenda kumsalimia. Nikakuta mlango wa mbele umerandwa upande wa chini, kwa sababu fremu ilishakwenda upande. Nikakimbilia uani. Chini ya mguu mmoja wa ile kona kulikuwa na mawe bapa, jiwe juu ya jiwe, saba.

"Mama, nani kaweka haya?"

"Ni mie. Kidude chako kilikuwa kinainama, nikawa nakinyanyua. Nilikipima na pimamaji ya baba yako, kikae vilevile ulivyokiacha."

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea mama, na aibu ile ninayo mpaka leo. Nikamuuliza, ina maana hakujua kwamba ardhi inaondoka chini yake?

Alikaa kwenye kizingiti, akajipangusa mikono kwa kanga.

"Nilijua, mwanangu. Tangu mwezi wa tatu nalala na viatu miguuni. Ila ningekuambia, ungenihamisha."

Nikaingia ndani kuanza kufunga vyombo.