Mkono wa Shemeji Kinywani mwa Ng'ombe

Daktari wa mifugo hakujua kuficha dharau. Mtu akimuudhi, midomo ilimpinda upande mmoja, na mbele ya mdogo wa mumewe haikuwahi kunyooka.

Kituoni kwao walikuwa wakijaribu chanjo mpya ya kichaa cha mbwa kwa ng'ombe: kirusi kisichodhuru, kilichopandikizwa kipande cha kile kinachoua, ili mwili umjue adui kabla hajafika. Baadhi walichanjwa, wengine hawakuchanjwa, kisha wote wakaambukizwa. Waliochanjwa waliendelea kutafuna majani. Wasiochanjwa walitokwa udenda, wakalia kwa sauti iliyokauka, na yeye ndiye aliyewadunga sindano ya kuwapumzisha. Hakuwahi kuizoea kazi hiyo.

Ilipofika zamu ya kujaribu kwa wafugaji, Shemeji alikataa.

"Mnakoroga virusi kwenye vichupa, halafu mje kumdunga ng'ombe wangu? Si ataanza kubweka!"

"Akibweka, shemeji, angalau utapata wa kuzungumza naye."

Msimu haukuisha, ng'ombe wake akaacha kula, mate yakining'inia kama kamba. Mwenye akili angeita daktari. Shemeji alikunja shati, akatumbukiza mkono kooni mpaka kwenye kiwiko. Mkewe ndiye aliyepiga simu.

"Nani kakwambia utie mkono?" daktari alifoka alipofika.

"Nilifikiri kakabwa na gunzi."

"Ulifikiri! Umeanza lini?"

Vidole vilikuwa na michubuko mibichi. Akamburuta hadi bombani, akamsugua kwa sabuni mpaka jitu zima likalia, kisha akampakia garini na kumpeleka hospitali. Njiani alijikuta akimwombea kimoyomoyo, na hilo lilimkera kuliko ujinga wa abiria wake.

Ng'ombe alikufa. Ubongo wake ulipopimwa, kichaa kilikuwemo. Shemeji alimaliza sindano zake zote, akapona hata kuugua hajaugua.

Familia ilipokutana, alikuwa ameketi katikati ya sebule, kikombe mkononi.

"Sisi damu yetu nzito," alitamba. "Kirusi kiliingia, kikajuta."

Wajomba wakacheka, wakampigia makofi. Daktari alimtazama yule bwana aliyempigia magoti muuguzi hospitalini asimdunge sindano, midomo ikaenda upande wake.

"Mwache tu," mumewe alimnong'oneza. "Ni ndugu yangu."

"Ndiyo maana yuko hai," alijibu, akaondoka kwenda kuosha vyombo.